Helmeti Isiyokauka Emali

Saa tatu asubuhi, na vumbi la Emali limeamka kabla ya wenye maduka. Nyuma ya kituo cha petroli, Hemedi Abubakar analaza kitambaa kibichi juu ya kioo cha helmeti nyekundu, kisha anakunja mikono. Anangoja wadudu waliogandia kiooni walainike.

"Ukisugua kikavu, mchanga unakwaruza kioo," anasema. "Halafu jioni taa ya lori ikikupiga, huoni njia."

Hemedi ana miaka hamsini na tisa. Ukoo wake ulitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Kitui mjini na Kikamba anakisema kama maji. Katika mwaka huu wa 1989, riziki yake ni kuosha helmeti za maafisa wa kilimo, wa mifugo na wainjilisti wanaozunguka Ukambani kwa pikipiki. Helmeti moja humpa shilingi tano. Zipo siku hapiti mtu, naye hushinda akizungumza na beseni lake.

Ukaidi wake nao unafukuza wateja. Pale petroli iko karibu kuliko maji, ambayo huletwa na punda kutoka mbali. Basi wengi huchovya tambara kwenye petroli, wakapangusa mara moja, na helmeti ikang'aa.

"Mzee, si uweke tu petroli kidogo? Mimi niko na haraka," anasema Mutiso, afisa wa mifugo, hata pikipiki hajaizima.

"Petroli inakula gamba la nje. Utaona inang'aa, kumbe imekuwa ganda la yai. Siku ukianguka ndiyo utajua."

"Wewe mzee una maneno!" Mutiso anacheka na kuondoka na helmeti yake chafu.

Hemedi anarudi kwenye ile nyekundu. Anatumia maji ya uvuguvugu, povu la sabuni ya kipande na kitambaa laini. Kitambaa chenyewe ni kipande cha kanga ya Tumu, mkewe, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Sponji ya ndani anaikanda polepole, anaikamua kwa kiganja bila kuipinda, kisha anaitundika kivulini, maana jua kali huharibu gundi. Nta anapaka gamba peke yake, tena kidogo.

Hii nyekundu si ya mteja. Ni ya Khamisa, bintiye wa pekee, anayechanja watoto vijijini huko Mutomo. Amepewa jina la mama yake Hemedi, na ndiyo maana mzee humwita "mama". Amefika asubuhi hii na anataka kurudi leo leo.

Tangu arubaini ya Tumu, Khamisa hajalala nyumbani kwao hata mara moja. Huja, huacha sukari na sabuni, hunywa chai akiwa amesimama, huyo akaenda zake.

"Nikiingia jikoni namwona mama," anasema, macho yakiwa barabarani.

Baba yake hamlaumu. Lakini nyumba ya vyumba viwili ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na Hemedi anakiri kwamba jioni hukawia sokoni makusudi, asikute mlango aliouacha umefungwa ukiwa bado umefungwa.

Basi leo amemwambia Khamisa kwamba sponji haitakauka mpaka kesho. Na bila helmeti, binti huyu hapandi pikipiki. Ni baba yake aliyemfundisha hivyo.

"Miaka yote sijadanganya mteja," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Huyu ndiye wa kwanza. Mungu anisamehe."

Muthoki, jirani anayeuza chai na maandazi, hajui siri hiyo. Anaropoka kwa sauti yake ya sokoni:

"Ati mpaka kesho? Hemedi, hii jua ya Emali inakausha nguo kabla chai ichemke!"

Hemedi anainamia beseni kama mtu aliyeangusha sindano. Khamisa anainuka, anakwenda kivulini na kuishika sponji. Imekauka kau. Anaigeuza upande wa pili, nao mkavu. Kisha anaona kile kitambaa kwenye bega la baba yake, na anakitambua.

Mwandishi anatarajia ugomvi. Hemedi pia anautarajia, maana tayari ameanza kutafuta maneno.

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Baba, hii haijatakata," Khamisa anamkatiza. Anaitumbukiza sponji katika beseni, anaizamisha mpaka mapovu yanamfika kwenye viwiko. "Irudie. Nitaondoka kesho."

Muthoki anageukia maandazi yake. Khamisa anapangusa mikono na kumwomba baba yake ufunguo wa nyumba, akamuuliza kama jiko lina mkaa. Hemedi anautoa mfukoni na kumpa.

Anamtazama binti yake mpaka anapopinda kona ya kinu cha unga. Kisha anaikanda sponji upya, taratibu kuliko mara ya kwanza.

Anaulizwa ana mipango gani ya baadaye. Labda kibanda chenye paa? Anatikisa kichwa.

"Kibanda kitakuja. Mimi nangoja kitu kimoja tu, inshallah," anasema. "Siku moja huyu mtoto aje na helmeti safi, na bado alale."