Mwimbaji Aliyekuja Kudai Jina Lake Kyebando

Hii sikuota, na sikusimuliwa. Nilikuwepo, na damu ilinirukia gauni.

Kaka yangu Okello alikuwa na laibrari hapa Kyebando, kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi. Alizipakua kwenye tovuti za nje, halafu juu ya kila wimbo akapachika sauti yake ikipiga kelele: "Oki Laibrari, Kyebando!" Wenye laibrari wote hufanya hivyo, eti wenzao wasiwaibie. Baba, ambaye ni polisi, alimkataza. "Ruhusa ni ya mwenye wimbo, hata tovuti iwe mwezini."

Kaka akacheka. "Mzee, tovuti iko Ulaya. Nyinyi polisi mtapanda ndege?"

Jumamosi moja mchana mvua ilimwagika vibaya. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kaunta, maana wateja nawaonea haya. Akaingia mwanamume mwembamba mwenye suti nyeupe. Mkavu! Mvua yote ile, na hana hata tone. Wewe ungefikiri nini?

"Karibu, ssebo. Unataka muziki gani?" kaka akamuuliza kwa heshima.

Mgeni akafungua mdomo, sauti ikatokea kwenye spika, katikati ya wimbo uliokuwa ukipigwa. "Nilifia Bukavu. Huu wimbo ni wangu. Jina langu ni—"

"Oki Laibrari, Kyebando!"

Tangazo la kaka likamfunika. Akajaribu tena. "Jina langu ni—"

"Oki Laibrari, Kyebando!"

Kaka akaangua kicheko. "Wewe! Nani amekutuma unichezee?"

Niamini, hakumaliza kucheka. Mgeni alimkaba shingo, akambamiza uso kwenye kompyuta, tena na tena, mpaka kioo kikapasuka na meno yakamwagika kwenye kibodi. Nikachomoa waya wa umeme. Spika haikunyamaza. "Nipe jina langu!" Mgeni akamtumbukizia kaka mkono kooni, akipapasa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia.

Mimi, nisiyethubutu hata kujibu swali darasani, nikampigia mgeni mayowe: "Mzee, nakuomba! Unaitwa nani?"

Akautoa mkono, ngumi imefumbwa, inachuruzika damu. Akajipiga nayo kifuani. Ndipo akalitaja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini kwa sauti ya kaka yangu.

Akatoka mvuani.

Tangu siku hiyo Okello hajasema neno. Daktari anasema koo ni zima. Usiku namsikia akijaribu, pumzi tupu, mpaka analia.

Ukipakua wimbo ukasikia mtu amepachika jina lake juu ya mwimbaji, zima. Zima haraka. Hujui mwenye wimbo amefika wapi.