Gesi Zilizokataa Kuoana

Mama alipoamua kugeuza chumba cha mbele kuwa mgahawa, hakuna aliyemzuia. Maandazi yake yalikuwa yakiisha hata kabla hajaketi. Alichokitaka zaidi ni bango la taa, tena la buluu.

"Sitaki hizi za kubandika," alisema. "Nataka za kioo, kama zilizokuwa kwenye sinema nilipokuwa msichana."

Tulimpata fundi Dar es Salaam, mmoja wa wachache waliobaki wanaokunja mirija ya kioo kwa moto. Akaja Bagamoyo Jumamosi asubuhi na sanduku lililojaa sponji. Akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haya, nionyeshe rangi."

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mirija minne, yote angavu kama glasi iliyooshwa. Mama akanigeukia kana kwamba tumetapeliwa.

"Hii si mitupu?"

"Si mitupu, mama. Kila mmoja una gesi yake."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nilikuwa nikifundisha gesi adimu, zile ambazo ni nadra kuungana na kitu chochote, lakini nilizijua ubaoni tu. Nikakimbilia kufunga mapazia.

Akaunganisha mrija wa kwanza na transfoma. Ukawaka mwekundu kama pilipili iliyoiva: hiyo ni neoni. Wa pili, heli, ulitoa waridi iliyopauka. Arigoni ikatoa zambarau hafifu. "Huu unaumwa," mama akasema. Wa mwisho pia ulikuwa wa arigoni, ila umetiwa tone la zebaki. Ukawaka buluu kali, na mama akapiga kigelegele peke yake.

"Inakuwaje kila mmoja na rangi yake?" akauliza.

Nikamweleza kwamba umeme huzipandisha elektroni ngazi, na zikishuka hutoa mwanga. Kila gesi ina ngazi zake, basi na rangi zake. Fundi akaacha waya, akanitazama.

"Hiyo ya ngazi, dada, hebu nieleze tena."

Nikaeleza tena, polepole kuliko ilivyohitajika.

Kabla hajaondoka nikamwomba aje shuleni kwetu na sanduku lake. Akaja. Wanafunzi walishangilia kila mrija kama goli. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, si ulisema gesi hizi hazitaki kuungana na mtu? Mbona zinang'aa hivi?"

Fundi akaniwahi. "Zimekataa kuoana tu. Hazikukataa kucheza ngoma."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikageukia ubao kuficha uso.

Bango lilipokamilika, KARIBUNI liliwaka kwa buluu na MAANDAZI kwa wekundu wa neoni, kwa sababu mama alishindwa kuchagua. Majirani wakala hadi unga ukaisha. Wiki iliyofuata fundi alirudi kulikagua, na wiki iliyofuata tena, ingawa halikuwa na hitilafu yoyote. Mama alimzidishia tu maandazi sahanini. Mfungo wa Ramadhani ulipokwisha, wazee wa fundi wakaleta posa.

Sasa tunaishi Kaole, na karakana iko nyuma ya nyumba. Siku za mapumziko mume wangu hunifundisha kukunja kioo. Herufi L na U naziweza. S bado inanivunjikia mikononi, naye hucheka hadi machozi yanamtoka, kisha hunipa mrija mwingine.