Kijani Juu ya Mikorosho

"Mke mwenzangu, hiki kijani ni cha nini?" aliniuliza bibi, akinitania mjukuu wake kama kawaida, kidole chake kwenye kioo cha kamera yangu.

Tulikuwa nje ya nyumba yake Msimbati, msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji mjini. Aliogopa. "Wakiniharibu, ndiyo basi, sizioni tena nyota zangu." Angani hakuona kitu tena, lakini kioo cha kamera akikisogeza hadi puani, aliona. Ndiyo maana nilikuwa nampigia picha za anga.

Kwenye picha, juu ya mikorosho, nyuma ya nyota, palikuwa na ukungu wa kijani.

"Itakuwa salfa ya jirani imebaki hewani," nilisema, mimi na digrii yangu.

"Salfa ya kijani uliiona wapi?"

Mimi siamini kitu mpaka nikijaribu. Usiku uliofuata hakuna aliyekuwa amepuliza, nikageuzia kamera baharini, mbali na taa za visima vya gesi. Kijani kilikuwepo.

"Basi ni kasoro ya kamera, bibi. Nitakifuta."

"Ufute? Miaka yote hii sijaona kitu huko juu, leo nimeona, wewe unafuta!" Alicheka, lakini kamera aliikumbatia, hakutaka kunirudishia.

Sikufuta. Niliichapisha picha studio mjini, kubwa, naye akaenda nayo hospitali ameifunga kwenye khanga. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji akanikabidhi. "Nitunzie. Nikitoka nitaiangalia vizuri."

Walipomfungua bandeji aliiangalia picha kwanza, kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Kumbe na wewe umezeeka, mke mwenzangu." Nililia mbele ya muuguzi.

Tuliporudi Msimbati alinishika mkono tukatoka uani. Nyota alikuwa anaziona, ananionyesha moja moja kama vile ni mimi niliyekuwa kipofu. Halafu akageuzia uso juu ya mikorosho.

"Kijani kiko wapi?"

Nilitafuta naye. Hakikuwepo.

"Mmenidanganya, wewe na kamera yako," alisema, bila kuuachia mkono wangu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba hewa ya juu kabisa hutoa mwanga wake yenyewe kila usiku, kila mahali duniani, ndugu wa zile nuru zinazocheza angani karibu na ncha za dunia, ambazo watu huzifuata hadi kwenye barafu. Ila kijani chake, ambacho kamera ikiachwa wazi kwa muda hukinasa, ni hafifu mno kwa jicho la binadamu, hata likiwa zima.