Nilipotaja maji mbele ya Mjerumani

Jamani, leo nusura nifungwe!

Ninafanya kazi nyumbani kwa Mjerumani hapa Kilwa. Maua yake ya ndani, ya kwenye vyungu, yamejaa vidudu vyeusi vinavyoruka. Amevifukiza wiki nzima, wapi!

Leo nikafukua udongo kwa kidole. Umelowa chapachapa, umejaa vifunza vyeupe.

"Bwana, shida ni maji," nikamwambia. "Kila siku maji, maji!"

Akaruka kitini, akamwita askari. Si mnaijua vita ya huko Matumbi, wapiganaji wanavyopaza sauti "Maji! Maji!"?

"Ya kumwagilia maua, Bwana! Udongo ukikauka, vidudu vinakufa."



Akachukua kioo cha kukuzia, akainamia chungu. Nami nikainama. Askari naye akachungulia, bunduki mkononi.

Kumbe vile vifunza vina vichwa vyeusi!

Nyie mngethubutu kucheka? Mimi nilishindwa kujizuia.