Chumba cha Chokaa cha Bi Indumati

Bi Indumati Gharat hakuwa na dogo. Ukikohoa mbele ya mlango wake asubuhi, alitaka kujua umekohoa kwa nini, na kwa nini hapo. Alikuwa mjane mfupi mwenye mikono iliyokomaa kwa kusukuma papadi, vile vichapati vyembamba vya choroko, na alizianika kwenye baraza refu la ghorofa ya pili ya jumba letu la Parel, Mumbai, lililojengewa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo enzi za babu zetu. Kila familia chumba kimoja, na mbele ya vyumba vyote baraza moja. Siri hakuna. Ukiunguza dengu, jumba zima linakupa pole.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Bi Vatsala Mhatre, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya tarumbeta. Alifua sari zake mapema na kuzitundika kwenye kamba ya juu. Zikadondosha maji. Yakadondokea wapi? Kwenye papadi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia.

"We Vatsala! Papadi zangu zimekuomba maji?"

"Zianike chumbani kwako! Baraza umerithi kwa baba yako?"

"Mwone! Sari yenyewe imepauka, bado anaitandaza watu waione!"

"Afadhali mimi. Papadi zako zina chumvi mpaka paka kazikimbia!"

Walirushiana hivyo tangu wakiwa maharusi, na sasa wote wana mvi.

Jumba likaanza kumomonyoka. Kipande cha dari kilipoangukia sahani ya mzee Dagdu, alikitoa, akaendelea kula, lakini sisi wengine tuliona mambo yameshafika shingoni. Ikaamuliwa libomolewe, lijengwe jipya palepale, na sisi turudi wote. Msanifu aliyeletwa alikuwa Vaidehi, binti mwenye miwani mikubwa na subira isiyo ya kawaida. Hakutaka kuchora peke yake ofisini. Alikaa nasi barazani, akala papadi, akamuuliza kila mtu anataka kipi kibaki na kipi kiondoke. Kibaki nini? Baraza. Kiondoke nini? Makelele ya wale wawili. Kwa hilo jumba zima lilikuwa na kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea hata wakati wa kupaka rangi ngazi.

Vaidehi akalibakiza baraza, ila akampa Bi Indumati chumba cha mwisho upande wa mashariki, na Bi Vatsala cha mwisho upande wa magharibi.

"Vizuri sana," alisema Indumati. "Hatimaye nitapumua."

"Mimi nitagawa vitamutamu vya laddu mtaa mzima," alisema Vatsala.

Ili tujionee wenyewe, Vaidehi alichora ghorofa nzima kwa chokaa kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, kwa ukubwa wake halisi, kila chumba na jina la mwenyewe. Akatuomba tukakae humo mchana tuone kasoro. Nasi tukalichukulia kwa uzito. Mzee Dagdu alibisha hodi hewani, akavua viatu, akaingia. Kinyozi Pandurang alipokatiza kwake kwenda kwa jirani, mke wa Dagdu alimkaripia, "Huna adabu? Mlango huuoni, unapita ukutani?" Pandurang akarudi, akatokea mlangoni, akaomba radhi. Mbwa alipolala kwenye jiko la mtu, tuliitisha kikao.

Bi Indumati alileta mkeka, akaanika papadi. Jua lilikuwa zuri. Hakuna aliyedondosha maji. Akazigeuza, akatazama magharibi, akazigeuza tena.

"Umeridhika, shangazi?" nilimuuliza.

"Mno," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kule mwisho mwingine Vatsala alikuwa anakung'uta sari kwa hasira ambayo sari ile haikustahili. Kwa kweli moyo uliniuma.

Sasa, wanawake wa kwetu huamka alfajiri wakachora maua ya unga mweupe mbele ya milango yao. Kopo la unga halikosekani nyumbani, na mkono wa kunyoosha mstari wanao. Siku iliyofuata, kabla hakujapambazuka, Bi Indumati aliteremka na kopo lake, akafagia chumba chake kikafutika, akajichora upya magharibi, ukuta kwa ukuta na Vatsala. Hata jina aliandika. Kazi safi kabisa. Tatizo ni kwamba Vatsala naye alikuwa ameteremka jioni iliyotangulia, watu wote wakiwa ndani na tamthilia, akahamia mashariki, ukuta kwa ukuta na Indumati. Gizani, na miwani havai kwa majivuno, Indumati hakuona kitu.

Palipokucha, Pandurang alikuta jiko lake limemezwa, na kitanda cha mzee Dagdu kimebaki nje. Wale wawili walisimama kila mmoja mwisho wake, safari hii kinyume.

"Vatsala! Umefuata nini kwangu?"

"Wewe je, umefuata nini kwangu?"

"Nilikuja kuhakikisha hujaongeza ukuta!"

"Muongo mkubwa!"

Vaidehi alifika, akatazama chini, akasukuma miwani yake juu. "Shangazi, si mlifurahi kutenganishwa?"

Indumati alitafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Sikiliza, mwanangu. Mume wangu alipofariki, matanga yalipoisha wote walirudi kwao na maneno yao matamu. Nikafunga mlango, nikalala tu. Hakuna aliyenigusa, eti wanaheshimu msiba wangu. Huyu ndiye aliyekuja kuupiga mlango mateke, akanitukana mpaka nikaamka kumjibu."

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wenye maneno matamu.

"Nilikuwa na haki," alisema Vatsala, akipangusa macho kwa ncha ya sari. "Asubuhi zote kimya, mtu ataishi vipi? Tena unga wake wa papadi ulishaanza kuota ukungu."

"Haukuota!"

"Uliota!"

Vaidehi alikuwa ameshapiga magoti na chokaa, anawachora mlango kwa mlango kama zamani, nao kwa kubishana hawakumpisha.