Mtani Chini ya Garimoshi

Mafuta ya chipsi hayafai kulainisha chuma. Nilimwambia Baba hivyo mara nyingi, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Nina banda la chipsi Mwembesongo, na kwa mtu wa kazi yangu mafuta ndiyo kila kitu. Kila nilipofungua dumu jipya nilijua kwamba asubuhi nitalikuta limepungua chupa moja, na Baba yuko tayari kuvuka reli nayo.

Alikuwa anayapeleka kwa kichwa cha treni.

Nieleze ni kichwa gani, maana siku hizi ukitaja treni hapa Morogoro watu wanafikiria ile ya umeme. Hiki ni cha mvuke. Zamani kilivuta treni ya wafanyakazi Dar es Salaam. Alfajiri kilitoka upande wa Pugu na mabehewa yaliyojaa makarani, makuli na mafundi, kikawashusha mjini, na jioni kikawarudisha makwao. Baba ndiye aliyekuwa akiangalia moto wake. Wengi hudhani garimoshi lazima lile makaa, lakini hiki kilichoma mafuta mazito, na kazi ya Baba ilikuwa kushika valvu na kutazama moshi. Ndiyo maana nilipogomba alinijibu, "Huyu amezoea kula mafuta. Unataka nimpe nini, maji?"

Dereva wake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mkubwa kwa Baba kwa miaka michache. Dizeli zilipochukua kazi, kichwa chao kilivutwa hadi Morogoro, kikaegeshwa pamoja na kichwa kingine kama hicho kwenye banda la zamani la mafundi. Wao wawili nao wakahamishiwa huku, wakastaafu huku. Kwa Baba ilikuwa kurudi nyumbani, kwani sisi ni Waluguru. Yule wa Tabora angeweza kwenda kwao, lakini akapanga chumba jirani na kwetu. Alisema hawezi kuwaacha watani wake bila mwangalizi.

Mimi nilimwita Baba Mkubwa. Asubuhi alipita kumchukua Baba, nami nampa shikamoo huku namenya viazi. Aliitikia marahaba, kisha akapaza sauti kuelekea ndani:

"Mluguru! Umeamka, au bado umejifunga kamba kitandani usiporomoke kama kule milimani kwenu?"

Katika maisha yangu yote sikumsikia Baba akirudisha utani hata mara moja. Alikuwa mtu mkavu, na ukavu huo nimeurithi, mke wangu ni shahidi. Jambo hili lilimkera Baba Mkubwa kuliko tusi.

"Hata mpagazi huniiti?" alilalamika. "Babu zangu wamebeba mizigo toka bara mpaka pwani, wewe unashindwa kubeba neno moja? Mtani gani wewe?"

"Twende, jua linapanda," Baba alisema, na chupa ya mafuta yangu iko kwenye mfuko wa koti.

Wakienda huko walifanya nini? Niliwafuata siku moja nikaona. Baba alipaka mafuta vyuma vya magurudumu, polepole, kwa kitambaa. Mwenzake alikaa juu kwenye kiti cha dereva, ambacho kilikuwa kimebaki fremu tu, akamsimulia habari ambazo Baba alizijua tayari. Banda zima lilinuka chipsi. Saa ya chakula wakarudi nyumbani.

Nilikuwa nakasirika, lakini sikuwahi kulificha dumu. Mama alipofariki, Baba aliacha kula, akaacha kuoga, akawa anageukia ukuta. Tulimpeleka hospitali, wakasema hana ugonjwa. Aliyemwinua ni Baba Mkubwa, ambaye aliingia chumbani bila hodi akasema kichwa kinaliwa na kutu na yeye peke yake hawezi. Baba akaamka, akauliza viatu viko wapi. Tangu hapo aliishi kwa ajili ya ile safari ya asubuhi. Mimi mwanawe nilikuwa nimembembeleza wiki nzima kwa uji na maneno matamu, sikuweza. Iliniuma, na nilishukuru vilevile.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba banda linasafishwa na vichwa vyote viwili vimeuzwa kama chuma chakavu, mimi sikuwaza habari za historia. Nilichoogopa ni kwamba Baba atageukia ukuta tena, na safari hii hataamka.

Mnunuzi nilimfahamu. Ni Mhindi wa hapahapa mjini, tulisoma naye shule ya msingi, na chipsi mayai zangu anakula mpaka leo. Nilimwendea dukani kwake. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai, kisha akasema, "Ndugu yangu, nimeshalipia. Nikuuzie wewe? Utakiweka wapi, jikoni?" Hakuwa mtu mbaya, ni mfanyabiashara tu. Nilirudi nikamwambia Baba. Alitikisa kichwa, akaenda kulala, na jua bado kali. Aliyebaki uani ni Baba Mkubwa, aliyekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Siku kichwa chetu kilipopangiwa kukatwa, kabla sijawasha jiko, nilisikia vilio uani. Nikatoka. Wanawake wa mtaa walikuwa wanatandika mikeka. Mmoja ana kuni kichwani, mwingine sufuria, mwingine unga. Jirani yetu alinikumbatia, akanilowesha bega. "Pole, baba, kazi ya Mungu," alisema. Mke wangu alitoka na khanga mkononi ananiuliza amekufa nani, nami namuuliza yeye. Mara Baba akatokea mlangoni, amevaa koti, mzima. Mama mmoja alipiga ukelele akaangusha sufuria.

Ilikuwa kazi ya Baba Mkubwa. Alfajiri alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Mluguru wa chipsi amefiwa, na maziko ni asubuhi hiyohiyo kwenye banda la reli. Kwetu mtani akileta habari ya msiba watu hawaulizi maswali. Wanafunga khanga na kuja. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu azikwe bandani.

Walipoelewa kwamba anayezikwa ni chuma, wengine walisonya. Ila kuni zilikuwa zimeshabebwa na watu wameshatoka majumbani, basi msafara mzima ukavuka reli kwenda kuona. Mimi nilimshika Baba mkono. Sikujua kama nacheka au nagombana.

Bandani kichwa cha kwanza kilikuwa kimeshakatwa siku zilizotangulia, vipande vimepangwa kwenye lori. Vijana wa mitungi ya gesi walikuwa wamesimama kando ya kichwa chetu, moto umezimwa, wanakuna vichwa. Chini ya reli za banda lile kuna shimo refu la saruji, ambalo mafundi walisimama ndani yake kukagua matumbo ya treni. Baba Mkubwa alikuwa ameshuka humo. Alikuwa amelala chali, kanzu nyeupe, mikono kifuani, kichwa cha garimoshi juu yake.

"Oya mzee, toka basi, cheche zitakuunguza," kijana mmoja alimwambia.

"Sitoki. Nipewe changu kwanza."

Umati ukapasuka kwa kicheko. Wote tumeona maziko. Mtani hushuka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Na hakuna wa kumvuta. Ukimvuta mtani kwa nguvu, aibu ni yako na ya watoto wako. Kijana aliyekuwa ameinama kumshika mguu alisikia mguno wa akina mama nyuma yake, akanyooka.

Mnunuzi alikuwepo. Alichuchumaa kwenye ukingo wa shimo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshiba? Wafiwa wana njaa."

"Mzee, mimi si Mluguru wala Mnyamwezi. Kwenye utani wenu mnaniingizia nini?"

"Umeinunua hii maiti?"

"Nimenunua."

"Maiti ya nani?"

Yule bwana akatuangalia sisi, akaangalia vyuma vinavyong'aa mafuta. "Ananuka chipsi," akasema.

"Basi ni Mluguru," Baba Mkubwa alijibu kutoka chini. "Na mtu akinunua maiti amenunua na msiba wake. Lisha watu hawa, kisha mlipe mtani. Vinginevyo wakate na mimi humuhumu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mchele uko tayari. Yule mnunuzi alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake nzuri. Alikuwa amezaliwa hapa, na marehemu baba yake alizikwa na mji mzima. Alijua vizuri kwamba mchezo ule una ukweli ndani yake.

"Unataka nini, mzee?"

"Nataka huyuhuyu. Hapahapa alipo."

Walikaa hivyo muda mrefu, jua likaingia bandani. Mwishowe mnunuzi aliinuka, akajipangusa, akawaambia vijana wakate mabehewa mabovu ya nje aliyoyanunua pia, hiki wakiache. "Si changu tena," alisema. "Nimelipia msiba." Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kuzungumza na wenye banda, na wakamkubalia kikae palepale. Mchele, kwa kweli, hakuleta. Nililisha watu mimi, chipsi kavu.

Baba Mkubwa alipotolewa shimoni kiuno kilikataa kunyooka. Alimwangalia Baba. "Nimelala kaburini kwako, Mluguru. Hata leo huna neno?"

Baba alikuwa analia wazi, mbele za watu. Alitoa kitambaa chake cha mafuta, akaanza kumpangusa mwenzake vumbi mgongoni, na ile kanzu ikachafuka vibaya zaidi.

Waliendelea kwenda huko kila asubuhi, na dumu langu likaendelea kupungua. Kisha ikaja masika. Asubuhi moja ya mvua nilimenya viazi hadi ndoo ikajaa, na sikusikia mtu akimtania Baba. Nilikwenda kugonga chumba cha jirani. Baba Mkubwa alikuwa amefariki usingizini, amelalia ubavu wa kulia, kofia imewekwa vizuri juu ya kiti.

Wanawe walifika kutoka Tabora, na kwa kuwa mwenyewe alishasema azikwe alipo watani wake, tulimzika hapa. Makaburini udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Jeneza liliwekwa kando ya kaburi, shehe akasogea. Hapo palikuwa na nafasi ya watani, na watani tulikuwa sisi. Tuliangaliana. Vijana wa Kiluguru wa siku hizi utani wanausikia redioni. Mimi nilikuwa naona haya, nikatazama viatu vyangu.

Baba alivua vyake. Alisema, "Ngojeni," akaketi kwenye ukingo, akajitelezesha chini akajilaza kwenye tope.

"Sitoki," tukasikia. "Nipewe changu kwanza."

Watu walicheka, ahueni ikawaingia. Wana wa marehemu walicheka kuliko wote, machozi yakiwatoka. Wakamtupia sarafu, wakamtupia na kofia ya marehemu. Baba hakuziokota. Shehe alisubiri, akakohoa, akasema, "Mzee, maiti inangoja." Baba hakusogea. Vicheko vikapungua, vikaisha. Mvua ikaanza kunyunya.

Nilisogea nikachungulia. Alikuwa amegeukia ukuta wa kaburi.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote. Yale niliyoyahofia kwa ajili ya chuma yalikuwa yamekuja kwa njia nyingine. Kichwa cha treni kilikuwa kimesimama salama bandani, kimepakwa mafuta, na hakikuwa na msaada wowote. Nilipiga magoti kwenye tope.

"Baba, toka. Nitakupa mafuta."

Niliinama zaidi shimoni.

"Mapya, Baba. Si yale niliyokaangia. Na asubuhi tutakwenda wote, viazi nitamwachia mke wangu."

Aligeuza shingo. "Dumu zima?"

"Dumu zima."

Alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, nikamshika, mwana mkubwa wa marehemu akamshika mkono wa pili, tukamvuta. Alisimama kwenye ukingo hana viatu, tope mpaka masikioni. Hakunipa shukrani wala hakunitazama. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, kama alivyokuwa akigusa bomba la mvuke kujua kama lina joto.

"Haya, mpagazi," alisema. "Tua mzigo."