Mkunga Achagua Draiva

Mkunga mstaafu alianza gofu akiwa na miaka sitini, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, hakumsamehe kwa hilo. Hata kwenye duka la vifaa vya gofu alimganda kama kupe.

"Draiva ni fimbo ya kupigia mpira wa kwanza, wa mbali, si mwiko," alimwambia mbele ya muuzaji. "Chukua hii yenye uso ulioinama nyuzi nane tu, mpini mgumu, kama yangu. Huiwezi, kalee wajukuu."

Mkunga akaijaribu. Ikamvuta bega, mpira ukaserereka chini hadi kwenye wavu wa majaribio. Muuzaji akamletea nyingine yenye kichwa kikubwa, uso ulioinama nyuzi kumi na mbili na mpini mwepesi unaopinda kidogo. Mpira ukapaa.

"Hiyo ya vikongwe," shemeji akabeza.

"Mikono hii ilimzalisha mkeo mara nne, wewe ukizimia mlangoni. Leo unifundishe kushika kitu?"

Muuzaji akatazama pembeni. Mkunga akalipa, akaibeba fimbo begani, akalipita gari la shemeji lililomleta na kwenda kwa miguu.

Wanacheza uwanja mmoja mpaka leo. Salamu hakuna.